Ufagio wa Mkonge

Ghala hili lilikuwa la katani kabla halijawa maabara.
Ukigonga boriti bado linashuka vumbi la kijivujivu,
na Semhando hufunika mitambo kwa kanga ya mkewe,
ile iliyoandikwa *Usilolijua ni usiku wa giza*.

Maji ya kisima cha Pongwe, tumeyachuja mara tatu.
Umeme wa paa letu unayagawa:
hidrojeni huku, oksijeni kule,
kama wanandoa waliotoka kwa kadhi,
kila mmoja na begi lake, na mlango wake.
Kisha, kwenye utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
tunawarejesha.
Kule kurejeana kwao ndiko kunakowasha taa.

*Mhandisi Kiongozi*, ndivyo mlango wangu unavyosema.
Maana yake mimi ndiye napigiwa simu
platini inapokwama bandarini,
mimi ndiye naulizwa na wizara
kwa nini kichupa cha unga mweusi kina bei ya pikipiki.

Siku ya jaribio la arobaini na tatu
wageni walikuwa waje saa nne.
Viti vya plastiki tulishavipanga, keki imeshatoka Ngamiani.
Saa moja na nusu, shinikizo likaanza kushuka.
Kidogo. Nukta moja, kisha nukta nyingine.

Tukapaka povu la sabuni kila kiungio: kimya.
Kihisi cha gesi, kilichokuja kwa ndege
ndani ya boksi lenye sifongo: kimya.
Mbelwa akasema, "Mama, tuendelee. Kipimo kimezeeka hicho."
Nilitaka kumwamini. Sitaficha hilo.
Nilikuwa nimeshika kalamu niandike *sawa*.

Nje, Bi Mwanamvita alikuwa anafagia uwanja.
Akapita pale bomba linapotokea ukutani,
akainua ufagio kuwafukuza kunguru,
na ufagio ukawaka.

Ukawaka hewani, hapana kitu.
Hapakuwa na moshi wala mwale,
jua tupu la asubuhi, na ncha za mkonge zinageuka nyekundu.
"Hapa pana moto," akasema,
kama mtu anayesema hapa pana kunguru.

Nilifunga vali kwa mikono yangu.
Mikono ilitetemeka baadaye, si wakati ule.
Nikaipigia wizara: hakuna maonyesho leo.
Upande wa pili mtu alivuta pumzi ndefu,
akaniuliza kama ninaelewa magari yameshapita Segera.
Ninaelewa, nikasema.
Walipofika walikula keki wamesimama.

Jioni nikafungua kitabu cha majaribio.
Chini ya takwimu zangu Semhando, ambaye hutunga,
alishajaza pambizo kwa penseli:

Moto usio na rangi, ulikuwa ukutani,
Vipimo vyetu ni vingi, vyote vilikuwa ndani,
Tulihesabu shilingi, mashine za ugenini,
Ufagio wa katani, ukatuonya hatari.

Nilipaswa kufuta. Kitabu kile hukaguliwa.
Nikaandika tarehe pembeni, nikatia sahihi.

Jaribio la arobaini na nne lilikwenda saa sita mfululizo.
Hakualikwa mtu.
Balbu moja, ndogo kama kungumanga,
na kwenye mdomo wa bomba la kutolea
tone, halafu tone, halafu tone,
maji yaliyokwisha kuachana na kurudiana.
Yalipofika nusu glasi Bi Mwanamvita akayaonja
kabla hatujamkataza.
"Hayana hata chumvi," akasema, akatema,
akaenda kumwagia mche wa mpapai.

Mwezi huu nimepeleka bajeti.
Kwenye *Vifaa vya Usalama*, baada ya vihisi viwili,
nimeandika: fagio za mkonge, tatu, mpini mrefu.
Kijana wa uhasibu amepiga simu
kuuliza kama mstari wa tisa umekosewa.
Nimemwambia ausome tena, polepole,
na kama bado ana shaka aje Pongwe,
asubuhi, jua likiwa limetoka,
tumwonyeshe asichokiona.